Geuza Kiti Kabla Hujakisifu: Mwongozo Kamili wa Kutambua Samani za Kale za Uingereza na Marekani

Ukiingia kwenye ukumbi wa mnada Uingereza siku ya kuangalia mali, utawajua wajuzi bila kuonyeshwa. Wengine wote wamesimama mbele ya kabati wakisifu nakshi. Mjuzi amepiga magoti sakafuni, ameitoa droo na kuipindua, pua yake imekaribia kugusa mbao. Uso wa kabati atautazama baadaye. Anajua kwamba uso ulitengenezwa ili upendeze, lakini upande wa chini na wa nyuma fundi hakutarajia mtu autazame, kwa hiyo hakuficha kitu.

Mimi ni seremala. Nilianza kushika randa utotoni kwenye karakana ya baba, Tanga, na sasa kwa miaka mingi nakarabati samani za watu hapa Uingereza. Ndugu wengi wananitumia picha za viti na makabati wakiniuliza, "Kaka, hiki ni cha kale kweli?" Karibu kila mara picha ni ya mbele, na picha ya mbele hainisaidii. Mtindo unakwambia samani haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani. Useremala ndio unaokwambia ni ya lini hasa. Kiti cha umbo la Chippendale, seremala maarufu wa London, kilitengenezwa 1760, kikaigwa 1880, kikaigwa tena 1925, na kuna karakana inayokiiga leo hii. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini na nyuma, na mitindo nimeiweka katikati.

Hatua ya kwanza: beba tochi

Tochi ndogo yenye mwanga mkali, utepe wa kupimia, lenzi ya kukuza, na nguo usizoogopa kuzichafua. Omba ruhusa kabla ya kugusa. Ukimulika, usielekeze tochi moja kwa moja kwenye ubao. Ilaze kando ili mwanga uambae juu ya mbao kama jua la jioni linavyoambaa juu ya mchanga wa pwani. Hapo kila bonde na kila tuta lililoachwa na randa linatoa kivuli chake.

Hatua ya pili: toa droo nzima

Kama una dakika tano tu na kabati, zitumie zote kwenye droo. Vuta droo itoke kabisa, ipeleke penye mwanga, uisome hivi.

Anza na kona, pale ubao wa mbele unapokutana na ubao wa pembeni. Utaona meno yaliyopanuka kama mkia wa njiwa yakiwa yameshikana. Katika karne ya 17 meno hayo yalikuwa makubwa na machache, pengine mawili au matatu tu, na wakati mwingine msumari ulipigiliwa juu yake kwa usalama. Kufikia katikati ya karne ya 18 fundi wa London alikuwa akikata vijino vyembamba sana, vingine ncha yake haizidi upana wa msumeno. Kilichokatwa kwa mkono hakilingani: jino hili nene kidogo, lile limeinama kidogo, na pembeni pana mchirizi mwembamba aliouchora fundi kabla ya kukata. Ndani ya ubao wa mbele utaona hata mahali msumeno ulipopitiliza mstari. Meno yaliyofanana yote kwa upana na nafasi ni ya mashine, na hiyo inakuleta mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Marekani ina kiungo kingine rahisi kukitambua: safu ya nusu duara, kila moja na kidoti cha mviringo katikati. Hicho ni kiungo cha Knapp, kilichopewa hataza mwaka 1867 na kutumika viwandani hadi karibu 1900, kisha kikaachwa. Ukikiona, umeshapata umri wa samani.

Sasa ipindue droo. Nyuzi za ubao wa sakafu zinaelekea wapi? Kwenye kazi ya Uingereza, kabla ya miaka ya 1730 hivi, kwa kawaida zilikwenda kutoka mbele kwenda nyuma. Baada ya hapo zikawa zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Pitisha vidole taratibu. Fundi alilainisha kile kinachoonekana. Huku chini alipiga randa ya kwanza tu, ile yenye ulimi wa mviringo, akaishia hapo. Utahisi mawimbi mapana, kama maji ya rasini yanapoguswa na upepo mdogo. Ubao ulio laini kabisa chini kama ulivyo juu umetoka kwenye mashine. Angalia pia alama za msumeno. Mistari iliyonyooka lakini isiyolingana ni ya msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa shimoni na mwingine juu ya gogo. Mistari iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, ambao kwenye samani huutarajii sana kabla ya 1830.

Kisha tazama uchakavu. Droo imefunguliwa na kufungwa miaka 250. Kingo za chini za mbao za pembeni lazima ziwe zimelika, na kule ndani ya kabati njia inayopita droo lazima iwe imelika kwa kiasi hichohicho. Wiki chache zilizopita nilikuwa na kabati la mahogani mezani kwangu. Droo ya tatu ilikuwa na namba 3 iliyoandikwa kwa chaki upande wa nyuma, fundi akijikumbusha ipi inaingia wapi. Ukingo wake wa kulia ulikuwa umelika kuliko wa kushoto, kwa sababu mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine alikuwa akiivuta kwa kishikio kimoja tu. Nikamulika ndani ya kabati: njia ya kulia nayo ilikuwa na bonde refu zaidi. Vitu hivyo viwili vimezeeka pamoja.

La mwisho kwenye droo ni rangi. Ndani hapakupakwa kitu, si rangi wala vanishi. Mbao imekauka ikawa na kahawia iliyopauka, nyeusi zaidi pale hewa na mikono ilipofika, nyeupe zaidi pale ilipofunikwa. Ukikuta ndani pamepakwa rangi ya kahawia sawasawa kila mahali, jiulize ni nini kinafichwa.

Hatua ya tatu: pima duara

Jambo hili ni dogo, na watu hulisahau. Mbao husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu haisinyai. Kwa hiyo meza ya duara iliyokatwa kwenye ubao mmoja miaka ya 1760 leo si duara tena. Weka utepe kufuata nyuzi, kisha uweke kukatiza nyuzi. Kwenye meza ndogo ya chai ya miguu mitatu utapata tofauti ya milimita kadhaa, pengine sentimita nzima. Mguu uliokerezwa nao, ukiuzungusha kati ya vidole, una upana usiolingana. Vilevile vile vigingi vya mti vinavyofunga viungo vya viti vya mwaloni: ubao umesinyaa lakini kigingi hakikufupika, basi kimechomoza kidogo nje. Uupitishe mkono juu yake, utahisi.

Hatua ya nne: vyuma

Msumari uliofuliwa na mhunzi una kichwa chenye pande kadhaa za nyundo, kama ua dogo, na mwili wake unachongoka pande zote nne. Tangu miaka ya 1790 ikaja misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la chuma, nayo huchongoka pande mbili tu. Msumari wa waya, huu wa mviringo tunaoununua dukani kwa kilo, ulienea kuanzia miaka ya 1880 na 1890. Skrubu za zamani ni butu mwishoni, uzi wake umepigwa tupa kwa mkono, na ule mfereji wa bisibisi mara nyingi haupo katikati ya kichwa. Skrubu yenye ncha kali ni ya kuanzia katikati ya karne ya 19. Yenye msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 na kuendelea.

Vishikio vina historia yake: vya kuning'inia kama tone au pea mwishoni mwa karne ya 17, halafu kishikio cha upinde kilichofungwa kwenye bamba la shaba ya manjano, halafu chenye shingo ya bata kuanzia 1750 hivi, halafu mabamba ya yai yaliyogongwa kwa mashine mwishoni mwa karne ya 18, na vifundo vya mti katika enzi ya Victoria. Lakini vishikio ndivyo vinavyobadilishwa kuliko kitu kingine chochote. Tazama ndani ya ubao wa mbele: kama kuna matundu matatu au manne yaliyozibwa, kabati limeshavaa vishikio vya aina mbili au zaidi. Hilo si dhambi. Ila usikubali kulipia vishikio "vya asili" wakati matundu yanasema mengine.

Hatua ya tano: jua mbao na safari yake

Hadi katikati ya karne ya 17, Uingereza ilikuwa nchi ya mwaloni. Ni mbao nzito, na ikipasuliwa kuelekea kiini cha gogo huonyesha miale inayong'aa kukatiza nyuzi. Mfalme Charles wa Pili aliporejea kutawala mwaka 1660, ladha ya bara la Ulaya ikaja naye, na mbao ya mti wa jozi ikachukua nafasi. Ni kahawia yenye mawingu meusi. Mara nyingi ilikatwa kuwa vinia ya kubandika juu ya mbao za bei nafuu. Vinia iliyokatwa kwa msumeno wa mkono ni nene, milimita mbili au zaidi, na mahali ilipobanduka kona utaweza kuipima. Iliyo nyembamba kama karatasi ni ya mashine.

Kisha mambo matatu yakafuatana. Baridi kali ya 1709 iliua miti mingi ya jozi Ulaya. Mwaka 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mbao hiyo nje. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, na Jamaica ilikuwa na misitu ya mahogani. Ndani ya miaka isiyozidi 20 mafundi wa London walikuwa wamehamia kwenye mbao hiyo nyekundu, ngumu, pana kiasi cha kutoa uso wa meza kwa ubao mmoja, na yenye nyuzi zinazokubali patasi bila kuchanika. Waliokata magogo hayo Jamaica, na baadaye kwenye Ghuba ya Honduras, walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Kila ninapopitisha nta juu ya meza ya miaka ile, nawakumbuka. Kumjua aliyechonga kiti bila kumjua aliyekata gogo ni kukijua kiti nusu.

Sisi tunaofahamu mkangazi tuna faida hapa. Mkangazi ni ndugu wa mahogani ya Amerika, familia moja ya mimea, lakini jicho lililozoea linatofautisha. Mahogani ya kale ya Jamaica na Cuba ni nzito, na vinyweleo vyake ni vidogo, mara nyingi vimejaa chembe nyeupe kama chokaa. Mahogani ya Afrika ilianza kuingia viwanda vya Ulaya kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Kiti "cha 1760" kinachoinuliwa kwa mkono mmoja bila jasho, chenye nyuzi za mistari mipana kama ya mkangazi, nakishuku papo hapo.

Baada ya mahogani, miaka ya 1770 hadi 1800 ilipenda mbao za manjano zenye mng'ao wa hariri, na mwanzoni mwa karne ya 19 zikaja mbao nyekundu zenye michirizi myeusi kutoka Brazil.

Hatua ya sita: sasa tazama miguu

Mitindo ya Uingereza nakushauri uisome kutoka mguuni kwenda juu. Mguu husema haraka kuliko nakshi.

Mguu mnene uliokerezwa, wenye tumbo kama tikiti, na vipande vya mti vinavyounganisha miguu karibu na sakafu: huko ni karne ya 16 na ya 17, wakati wa Elizabeth wa Kwanza na James wa Kwanza. Viti vina mgongo wa ubao mzima uliochongwa, kazi ya kukaa wima. Mguu uliokerezwa kama kamba iliyosokotwa, na kiti cha henzirani, hiyo ni baada ya 1660. Kabati lililokalia tufe bapa kama mkate wa bofulo ni la wakati wa William na Mary, mwisho wa karne ya 17.

Halafu ukaja mguu uliobadilisha kila kitu: unaotoka na goti, unaingia, kisha unamalizika kwa mguu mdogo wa kutanuka, kama mguu wa mnyama aliyesimama tayari kuruka. Huo ndio mtindo wa Queen Anne, aliyetawala 1702 hadi 1714, ingawa umbo hili liliendelea kwa miaka mingi baada yake. Vile vipande vya kuunganisha miguu vikaondolewa kwa sababu mguu huu una nguvu ya kutosha peke yake. Mgongo wa kiti una ubao mmoja wa katikati wenye umbo la jagi, na umepinda kufuata uti wa mgongo wa anayekaa. Kikalie, usikitazame tu. Kwangu mimi hakuna kiti cha Mwingereza kilichowahi kuupita mtindo huu kwa uzuri, na hauna nakshi karibu yoyote. Uzuri wote uko kwenye mkunjo.

Thomas Chippendale alizaliwa Otley, Yorkshire, mwaka 1718, akafungua karakana London kwenye mtaa wa St Martin's Lane, na mwaka 1754 akachapisha kitabu kikubwa cha michoro ya samani. Kitabu kilinunuliwa na mafundi kila upande, ndiyo maana jina lake limebandikwa kwenye maelfu ya viti ambavyo hakuwahi kuviona. Dalili za mtindo: ubao wa mgongo umetobolewa kuwa mapambo ya utepe, ya madirisha ya kanisa au ya Kichina, ubao wa juu umepinda kama upinde wenye masikio mawili, mguu ni wa mraba ulionyooka, au ule wa goti ukimalizika kwa kucha zilizoshika tufe. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: mguu wa kucha na tufe haumo kwenye michoro ya kitabu chake. Kufikia wakati ule London ilikuwa imeshauchoka. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kiti ni "cha Chippendale mwenyewe", muulize hati. Kazi zake za hakika zinajulikana kwa ankara na barua, na zimehifadhiwa kwenye majumba kama Harewood na Nostell, zote ziko Yorkshire.

George Hepplewhite alifariki 1786, na mkewe Alice akatoa kitabu chake 1788. Mtambue kwa mgongo wa kiti wenye umbo la ngao, moyo au yai, na mguu mwembamba wa mraba unaopungua kuelekea chini. Thomas Sheraton, aliyetoa michoro yake kuanzia 1791, alipenda mgongo wa mstatili na mguu wa mviringo uliotiwa mifereji. Wakati huu nakshi ya patasi ilirudi nyuma na njumu ikatangulia: mistari myembamba ya mbao nyeupe na nyeusi, makombe na mapazia yaliyokatwa kwa vinia. Sisi wa pwani tunaielewa kazi ya njumu, tumeiona kwenye viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar. Ichunguze kwa ukucha. Njumu ya kale hutuna kidogo au kubonyea, kwa sababu vipande viwili vya mbao havisinyai sawa. Iliyo laini kama kioo ni ya karibuni, au imepigwa msasa hadi ikafa.

Miaka ya 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, mguu wa kiti ukapinda kwenda nje kama upanga, na njumu ikawa ya shaba. Enzi ya Victoria, 1837 hadi 1901, ilirudia mitindo yote iliyotangulia kwa mashine. Samani zake ni imara na nyingi, na bei yake leo mara nyingi iko chini ya samani mpya za mbao za kubanwa. Anayeanza aanzie hapo.

Hatua ya saba: vuka Atlantiki

Mafundi wa Marekani waliifuata London wakiwa nyuma kwa miaka kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Mtindo wa Queen Anne kule ni wa 1725 hadi 1755 hivi, na ule wa Chippendale unaendelea hadi karibu 1790. Kabati refu la droo lililosimama juu ya miguu mirefu Waingereza waliliacha mapema. Wamarekani waliliendeleza kwa miongo, wakalifanya kuwa fahari ya nyumba.

Namna ya kwanza ya kutofautisha ni mbao ya siri, ile ya ndani ya droo na ya mgongoni. Uingereza utakuta mwaloni mwembamba kwenye droo za kazi nzuri na msonobari mgongoni. New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, utakuta msonobari mweupe mwepesi. Philadelphia, mbao ya mti wa tulipu yenye kahawia inayoelekea kijani. Newport, mji wa Rhode Island, chesnati. Kusini, msonobari wa manjano wenye utomvu. Mbao ya nje nayo husaidia: mti wa cheri huko Connecticut, na mti wa mepo, hasa ule wenye michirizi kama chui milia. Mwingereza pia aliweka ubao wa kuzuia vumbi kati ya droo na droo. Mmarekani mara nyingi hakuuweka.

Namna ya pili ni kucha. Piga magoti mbele ya mguu wa kucha na tufe. Massachusetts, kucha za pembeni zinarudi nyuma kwa ukali. Philadelphia, tufe limebonyea kidogo. New York, kucha na tufe vinaelekea umraba. Newport, kwenye kazi bora, unaweza kupitisha karatasi kati ya ukucha na tufe, maana fundi aliukata ukaning'inia hewani. Familia mbili za Newport, Goddard na Townsend, ndizo zilizojulikana kwa kazi hiyo, pamoja na makabati yenye sehemu tatu za mbele, moja imeingia na mbili zimetoka, kila moja na kombe la baharini juu. Dawati-kabati la aina hiyo lililokuwa la Nicholas Brown liliuzwa mnadani New York mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1.

Kiti cha Philadelphia kina alama nyingine: kitazame kwa nyuma. Ulimi wa fremu ya pembeni umepenya mguu wa nyuma ukatokeza upande wa pili, mstatili mdogo wa nyuzi zilizokatwa.

Baada ya uhuru, mtindo wa Federali ulichukua wembamba wa Hepplewhite na Sheraton na kuongeza tai wa taifa kwa njumu. Huko Salem, Massachusetts, Samuel McIntire alichonga vikapu vya matunda na mashuke ya ngano kwenye migongo ya viti na makochi. Ni Salem hiyohiyo ambayo meli zake baadaye zilileta merikani Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu. New York ilikuwa na Duncan Phyfe, Mskoti aliyehamia akiwa kijana, na migongo yake ya viti yenye umbo la kinubi. Na Milton, North Carolina, alikuwepo Thomas Day, mtu mweusi huru aliyezaliwa 1801, ambaye kufikia 1850 karakana yake ilikuwa kubwa kuliko zote katika jimbo hilo, katikati ya nchi ya watumwa. Mikunjo ya kazi yake haifanani na ya mtu mwingine.

Usipite kiti cha Windsor bila kusimama. Nchi zote mbili zilikitengeneza, kiti cha ubao mmoja mnene kilichochimbwa kwa tezo kufuata mwili, na fito zimeingizwa juu na chini. Mwingereza alitumia elmi kwa kikalio, na mara nyingi aliweka ubao uliotobolewa katikati ya fito. Mmarekani alitumia fito tupu na mbao tofauti kwa kila kazi: laini kwa kikalio, ngumu kwa miguu, ya kunyumbuka kwa fito. Kisha akapaka rangi, aghalabu kijani, ili zionekane kitu kimoja. Ukikipata kikiwa na rangi yake ya kale iliyopasukapasuka, usiiondoe. Rangi hiyo ndiyo thamani yake.

Hatua ya nane: tafuta ndoa na udanganyifu

Wauzaji huita "ndoa" pale nusu ya juu ya kabati moja inapowekwa juu ya nusu ya chini ya jingine. Nilishawahi kuumia. Nilinunua mnadani kabati la sehemu mbili nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nikalipa fedha ya miezi mitatu. Nyumbani nikaligeuza: mbao za mgongo juu zilikwenda wima, chini zikaenda mlalo. Meno ya droo za juu yalikuwa membamba, ya chini mapana. Yote yalikuwa ya karne ya 18, lakini hayakuwahi kukutana. Siku hizi naanza na mgongo na droo moja ya kila sehemu, nazilinganisha, kisha ndipo naangalia bei.

Udanganyifu wa makusudi ni kitu kingine. Mwaka 1969 mchongaji wa Rhode Island, Armand LaMontagne, alitengeneza kiti cha mtindo wa karne ya 17, akakizeesha, kikapita mikono kadhaa, na Jumba la Makumbusho la Henry Ford likakinunua. Ilibainika 1977. Kilichomaliza ubishi ni picha za eksirei: matundu ndani ya viungo yalikuwa yametobolewa kwa keekee ya kisasa. Jumba hilo limekihifadhi kiti hicho kwa ajili ya kufundishia. Somo lake kwa vitendo: angalia pale ambapo hakuna mtu aliyetarajia kuangaliwa. Uchakavu uwepo mahali mwili unapogusa, yaani mbele ya kipande cha kuwekea miguu, ncha za mikono, nyuma ya miguu inapoburutwa. Uchakavu uliosambaa sawasawa ni wa msasa. Na tundu la wadudu wabunguaji likiwa wazi kwa urefu juu ya uso, kama mfereji, ubao ule umekatwa baada ya kubunguliwa, maana mdudu hutoboa kutokea ndani akatoka; hatembei juu ya uso.

Hatua ya tisa: ukishakuwa nayo nyumbani

Usipige msasa, usitie vanishi mpya. Ule utando wa nta, moshi na mikono ya karne mbili ukishaondoka haurudi. Kitambaa kikavu, nta ya nyuki mara moja au mbili kwa mwaka, basi. Weka mbali na jua na kipasha joto, maana hewa kavu ya nyumba za kisasa hupasua mbao na kubandua vinia. Ukikuta vumbi laini kama unga mpya chini ya tundu, mdudu bado yu hai. Tenga samani hiyo na nyingine siku hiyohiyo.

Kama kuna pembe ya ndovu kwenye kibati cha tundu la ufunguo, Uingereza ina sheria iliyoanza kutumika Juni 2022: samani ya kabla ya 1947 yenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake inaweza kuuzwa, lakini lazima isajiliwe kwanza. Mbao nyekundu ya Brazil, Dalbergia nigra, nayo imo kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu 1992, kwa hiyo uliza vibali kabla ya kuivusha mpaka.

Ukinitumia picha, nitumie sita: droo kwa upande, droo chini, mgongo wa kabati, mguu mmoja kwa karibu, tundu la kishikio kwa ndani, na skrubu moja. Ya mbele iweke ya saba.